Gitaa la Umeme na Kipimo Chake

Njia za kufika Kabambare ni mbaya. Mizigo mingi hubebwa kwa pikipiki au kwa baisikeli. Gitaa zima ni kitu kirefu, tena huvunjika upesi. Kwa hiyo vijana wetu walinunua gitaa lao la umeme vipande vipande. Shingo, nyuzi na vyuma vilitoka mbali. Ubao wa mwili ulichongwa na seremala wetu. Fedha zilitoka katika mpunga wa mavuno mazima. Wakanipa mimi kazi ya kuviunganisha vipande hivyo. Someni, mpate kujua gitaa hili linavyofanya kazi, na kosa nililolifanya.

Sauti hutoka wapi?

Gitaa la kawaida lina tumbo lenye uwazi ndani, na tumbo hilo hukuza sauti ya nyuzi. Gitaa la umeme kwa kawaida ni ubao mzima. Ukilipiga bila umeme, husikika kidogo tu. Lakini chini ya nyuzi zake kuna kinasa sauti. Ndani ya kinasa mna sumaku, na sumaku hiyo imezungushiwa waya wa shaba, mwembamba kama unywele, mara elfu kadhaa.

Uzi wa chuma ukitetemeka juu ya sumaku, nguvu ya sumaku nayo hutikisika, na katika waya huzaliwa umeme kidogo sana. Mwaka 1831 Mwingereza Michael Faraday alionyesha kwamba sumaku ikisogezwa karibu na waya uliozungushwa, umeme huzaliwa. Umeme wa gitaa hufuata waya mpaka kwenye amplifaya, yaani mashine ya kukuza sauti, kisha spika hupaza. Ndiyo sababu nyuzi za nailoni hazifai kwa kinasa hiki: sumaku haina nguvu juu ya nailoni.

Wakongo wenzetu walilijua jambo hili vizuri. Huko Kinshasa, Mingiedi Mawangu na kikundi chake, Konono N°1, walitumia sumaku za vyuma vya magari makuukuu ili kupaza sauti ya likembe zao.

Shingo na mwili

Mwaka 1950, huko Marekani, Leo Fender alianza kuuza gitaa la umeme ambalo shingo yake hushikwa na mwili kwa skurubu 4. Ukizifungua, shingo hutoka, kama vile mpini unavyotoka katika jembe. Tangu hapo ikawa rahisi kununua shingo mahali pamoja na mwili mahali pengine. Lakini angalieni: vipande vikitoka mahali mbalimbali, ni lazima vipatane kwa kipimo.

Juu ya shingo kuna kizingiti, ambapo nyuzi huanzia. Chini, juu ya mwili, kuna chuma kinachozishika nyuzi. Mafundi hukiita daraja. Katika shingo yetu, kipimo cha kutoka kizingiti mpaka daraja ni milimita 648. Kati yake vimepigiliwa vipingo vya chuma. Cha 1 kiko karibu milimita 36 kutoka kizingiti, na kila kinachofuata hukaribiana zaidi na mwenzake. Cha 12 kiko katikati kabisa, yaani milimita 324. Ukibana uzi hapo, nusu yake ndiyo inayolia. Do ya chini huwa do ya juu.

Vipingo vimekwisha kupigiliwa kiwandani, havisogei. Basi daraja ndilo linalopaswa kufuata shingo.

Kosa langu

Mita yangu ya kupimia ilikuwa imekatika mwanzoni, sentimita 1. Mimi nikasahau. Nikasoma 648, nikatoboa ubao, nikafunga daraja. Jioni vijana walikusanyika. Nyuzi zikilia wazi, sauti ilikuwa njema. Lakini wakibana kipingo cha 12, sauti ilipanda kupita kiasi. Wakapiga nyimbo tatu, zote zikaharibika. Hakuna aliyesema neno, nami niliufikiri mpunga wao.

Ndipo mwanafunzi mmoja akaniambia, «Frère, naomba nijaribu kitu.» Akachukua uzi wa kushonea, akaunyosha kutoka kizingiti mpaka daraja, akaukunja mara mbili. Halafu akaupima tena kutoka kizingiti. Ncha ya kunjo haikufika kipingo cha 12. Ilipungua nusu sentimita. «Katikati ya nyuzi si katikati ya shingo,» akasema. Kweli, daraja lilikuwa karibu mno kwa sentimita 1.

Siku ya pili tuliziba matundu kwa vijiti vya mbao na gundi, tukangoja ikauke kabisa. Kisha tukapima upya kutoka kizingiti mpaka kipingo cha 12, tukakiongeza kipimo kilekile, ndipo tukatoboa. Tukasogeza nyuma kidogo chuma cha kila uzi mnene, kwa kuwa uzi wa namna hiyo ukibanwa, sauti yake hupanda zaidi. Mwishoni tuliunganisha waya kutoka daraja mpaka kwenye waya wa nje wa kinasa, ili kupunguza mvumo. Tulipobana kipingo cha 12, do iliitikia do. Vijana wakapiga mpaka betri ikaisha.

Matundu ya zamani yanaonekana hata leo chini ya daraja. Sikuyapaka rangi. Kila mwanafunzi anayekuja kujifunza kazi hii, namwonyesha matundu hayo kwanza, kisha nampa uzi wa kushonea.

Maswali

1. Kwa nini nyuzi za gitaa la umeme ni za chuma?
2. Kinasa sauti kina vitu gani ndani yake?
3. Kwa nini daraja hufuata shingo, wala si shingo kufuata daraja?
4. Shingo nyingine ina milimita 312 kutoka kizingiti mpaka kipingo cha 12. Daraja liwekwe milimita ngapi kutoka kizingiti?