Kwa Nini Mkia wa Mjusi Huota Tena, na Kidole cha Mtu Hakioti?

Bila shaka umewahi kumwona mjusi kafiri akiuacha mkia wake ukirukaruka sakafuni, mwenyewe akijiponyea darini. Mjusi huyo yupo Kikole, wilayani Kilwa, kama alivyo Kariakoo. Na kote huko mkia mwingine humwota. Wavuvi wa pwani ya Kilwa na Lindi wanajua pia kwamba pweza aliyekatika mnyiri huota mwingine, na kiti cha pweza vivyo hivyo. Lakini mfanyakazi aliyekatwa kidole na mashine hubaki na kovu maisha yake yote. Kwa nini?

Karibu kila chembe hai ya mwili hubeba jeni, yaani maagizo ya urithi. Chembe ya ngozi na ya mfupa zina maagizo yale yale. Tofauti ni yapi yamewashwa na yapi yamezimwa, mfano wa taa za nyumba moja. Mjusi akikatika mkia, baadhi ya jeni zilizomuumba ndani ya yai huwaka tena. Kwetu sisi jeraha huzibwa upesi kwa kovu, ingawa ini likikatwa sehemu hukua tena.

Mwaka 2012, Ashley Seifert na wenzake walieleza habari za panya-miiba wa Kenya. Ngozi yake huchunika kwa urahisi, kisha huota nyingine yenye nywele. Tundu la milimita 4 sikioni mwake lilizibika kwa ngozi, nywele na gegedu.

Mwaka 2025, wataalamu wa China walimlinganisha sungura, ambaye sikio lake huota tena, na panya wa maabara. Jeni iitwayo Aldh1a2, inayosaidia kutengeneza asidi itokanayo na vitamini A, huwaka kwa sungura aliyejeruhiwa. Kwa panya haiwaki vya kutosha. Walipoiwasha, sikio la panya nalo likaota. Jeni ilikuwapo siku zote. Kilichopungua ni kuwashwa.

Hata hivyo, usikimbilie vidonge vya vitamini A: vikizidi ni sumu, hasa kwa mama mjamzito. Dawa ya kuotesha kidole bado haijapatikana. Basi, mashine ziwekewe vikinga, jeraha lisafishwe mapema, na mwenye kisukari achunguze nyayo zake kila siku. Mjusi ana mkia wa akiba. Sisi vidole vyetu ni hivi hivi.