Misuli Inapojiitia Sukari

Msomaji mmoja wa Tanga, mwalimu wa sekondari, ameleta swali ambalo si la kawaida kwenye makala za sayansi. Miezi michache iliyopita aligundulika kuwa na kisukari cha aina ya 2. Anasema tangu siku hiyo kila anayekutana naye humpa pole, kisha humpa orodha: wali apunguze, chapati aache, maembe asiguse, chai ya sukari asahau. Anauliza: je, kuna jema lolote ambalo mtu hulipata kwa kuishi na ugonjwa huu, au ni kunyang'anywa tu?

Lipo, mwalimu, na silisemi ili kukufariji. Mtu mwenye kisukari na mashine ya kupimia sukari huona jambo ambalo wengine wote tunaishi nalo bila kuliona: jinsi mwili unavyoigawa sukari saa kwa saa. Akishaliona, anaweza kuligeuza kwa miguu yake mwenyewe. Kongosho liko wapi na dalili za ugonjwa ni zipi, hayo mabango ya kliniki yanayaeleza vya kutosha. Mimi nataka twende moja kwa moja kwenye misuli ya mapaja.

Tuanze na hesabu ndogo. Mtu mzima ana damu kama lita 5. Sukari yake ikiwa ya kawaida, tuseme milimoli 5 kwa lita, basi glukosi yote inayozunguka katika damu hiyo ni gramu 4 na nusu hivi. Ni kijiko kimoja cha chai, mwili mzima! Sasa weka sahani ya wali mezani. Wanga wake ukishasagwa tumboni hutoa glukosi ya vijiko kumi au zaidi, nayo yote lazima ipite kwenye damu ile ile. Kwa mtu asiye na kisukari kiwango hupanda kidogo, kisha hushuka. Maana yake ni kwamba sukari inatolewa kwenye damu karibu kwa kasi ile ile inayoingia. Ini huchukua fungu lake, ubongo huchukua lake, lakini ghala kubwa kuliko yote ni misuli, ambayo huweza kuhifadhi gramu mia kadhaa.

Kazi ni kuingia humo. Seli imezungukwa na utando wa mafuta, na glukosi ni kitu cha majini. Peke yake haipenyi. Lazima ivushwe na protini maalumu zilizojichomeka kwenye utando. Vitabu vingine huziita visafirishaji vya glukosi, jina ambalo sijalizoea, kwa sababu pale hakuna safari yoyote, kuna kutoka ng'ambo moja kwenda ng'ambo ya pili tu. Anayevusha watu mtoni ni mvushi. Basi nitaziita vivushi, na nawaomba walimu wa biolojia walijaribu neno hilo darasani waone kama litakaa.

Kivushi kikuu cha misuli kimepewa jina GLUT4, na tabia yake ndiyo iliyonifanya niandike makala hii. Msuli ukiwa umepumzika, vivushi vingi haviko kwenye utando. Vimefichwa ndani ya seli, katika vifuko vidogo, vikisubiri. Mwaka 1980 makundi mawili ya watafiti nchini Marekani, moja la Samuel Cushman na jingine la Tetsuro Kono, kila moja likifanya kazi kivyake na seli za mafuta za panya, yaligundua kwamba insulini, ile homoni ya kongosho, haiundi vivushi vipya papo hapo. Inavitoa mafichoni na kuvileta juu.

Fikiria kivuko cha Magogoni, Dar es Salaam, enzi zile kabla Daraja la Kigamboni halijafunguliwa mwaka 2016. Sukari ni abiria waliosongamana upande wa Magogoni. Seli ya msuli ni Kigamboni, na pantoni zote zimefungwa kamba huko, upande wa Kigamboni. Insulini ni mtu anayefika Magogoni akapiga kengele. Yeye mwenyewe havuki. Kazi yake inaishia pale ukingoni. Ng'ambo yuko mlinzi wa kwanza anayeisikia kengele. Anamwambia mwenzake, mwenzake anamwambia wa tatu, hivyo hivyo mpaka wa mwisho anayefungua kamba. Pantoni zinakuja, abiria wanavuka, msongamano unaisha. Kengele ikinyamaza, pantoni zinarudi gatini kwao.

Katika kisukari cha aina ya 1 mpiga kengele hayupo, ndiyo maana lazima aletwe kwa sindano. Katika aina ya 2, ya mwalimu wetu, kengele inapigwa, tena mwanzoni hupigwa kwa nguvu kuliko kawaida. Walinzi ndio waliolegea. Wa kwanza anasikia nusu, wa pili anasinzia, ujumbe unafifia njiani. Pantoni ziko pale pale, nzima, zina mafuta, lakini hakuna anayefungua kamba. Upande wa Magogoni abiria wanazidi kujaa, na mashine ya kupimia inasoma 11, 12, 13.

Sasa simama utembee. Kila msuli unapojikunja, kalsiamu humwagika ndani ya seli na akiba ya nishati hupungua. Mambo hayo mawili huamsha vimeng'enya vya ndani, kimojawapo kikiitwa AMPK, na hapo ndipo Kigamboni inapoamka. Wakazi wameishiwa unga. Hawangoji kengele ya Magogoni wala hawawaulizi walinzi wanaosinzia. Wanashuka gatini wenyewe, wanafungua kamba, wanapeleka pantoni kuchukua abiria. Amri imetoka ndani, na imepita njia ambayo ugonjwa haukuifunga. Mwaka 1999 watafiti wa Boston waliwapandisha watu kwenye baiskeli za mazoezi, wenye kisukari cha aina ya 2 na wasio nacho, kisha wakachukua vipande vidogo vya misuli yao. Kwa makundi yote mawili vivushi vilikuwa vimeongezeka kwenye utando. Msuli uliokuwa mzito kuisikia insulini uliitikia kazi yake mwenyewe sawasawa.

Na utamu hauishii hapo. Ukipumzika, pantoni hurudi, lakini walinzi hubaki wamechangamka. Kwa saa kadhaa, pengine mpaka siku ya pili, kengele ndogo huwaamsha haraka kuliko jana. Anayeendelea hivyo wiki baada ya wiki hupata zaidi: seli zake huunda vivushi vingi zaidi, yaani Kigamboni inanunua pantoni mpya. Akiacha, zinapungua tena, na hazichukui muda mrefu kupungua. Ndiyo maana kutembea kidogo kila siku kuna thamani kuliko kukimbia sana mara moja kwa mwezi.

Kuna mtu aliyeiona nguvu hii zaidi ya nusu karne kabla GLUT4 haijajulikana, naye alikuwa na kisukari. Robert Daniel Lawrence, Mskoti wa Aberdeen, alikuwa akijifunza upasuaji katika Hospitali ya King's College, London, pale kipande cha mfupa kiliporuka kikamwingia jichoni. Alipokuwa akitibiwa, mwaka 1920, ikaonekana ana kisukari. Wakati huo insulini haikuwepo. Alikwenda Florence, Italia, afanye udaktari huko huku akingoja kifo, ili familia yake isikishuhudie. Insulini iliyopatikana Toronto mwaka 1921 ilifika London, na mwaka 1923 rafiki yake wa hospitali akampelekea simu ya maandishi kwamba dawa ipo na inafanya kazi, arudi upesi. Alirudi akiwa taabani, akachomwa sindano ya kwanza mwezi Mei, akainuka.

Mtu huyu hakuishia kuwa mgonjwa aliyepona kifo. Mwaka 1926 alichapisha katika jarida la madaktari wa Uingereza maelezo ya jinsi mazoezi yanavyoiongezea insulini nguvu, kiasi kwamba dozi inaweza kupunguzwa. Kwa lugha ya Magogoni: kengele na wakazi wakiita kwa pamoja, pantoni huja nyingi mno, na sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Mwaka 1934, pamoja na mwandishi H. G. Wells, ambaye naye alikuwa na kisukari, alianzisha chama cha wagonjwa ambacho leo kinaitwa Diabetes UK. Alifariki mwaka 1968 akiwa na miaka 75. Chama hicho hutoa medali yenye jina lake kwa mtu aliyeishi na kisukari miaka 60, na wanaoipokea wapo.

Tembea lini? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago, Dunedin, New Zealand, walilichunguza hilo mwaka 2016 kwa watu 41 wenye kisukari cha aina ya 2. Kutembea dakika 10 baada ya kila mlo kulishusha sukari ya baada ya kula kwa asilimia 12 zaidi ya kutembea dakika 30 kwa mkupuo saa yoyote. Baada ya chakula cha jioni, mlo uliokuwa na wanga mwingi kuliko yote, tofauti ilifika asilimia 22. Inaeleweka: wakazi wanashuka gatini wakati ule ule abiria wanapoanza kumiminika. Anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamaidi aongee kwanza na daktari wake na awe na kitu kitamu mfukoni. Dawa haziachwi, na viatu vivaliwe.

Stripu za mashine ya kupimia ni ghali, najua, na si kila nyumba inaweza kuzitumia ovyo. Lakini mwalimu, tenga mbili kwa jioni mbili. Kula chakula chako cha kawaida, keti, pima baada ya saa moja na nusu, andika. Kesho yake kula kile kile, kiasi kile kile, tembea dakika 10 mara tu unapotoka mezani, pima saa ile ile, andika. Kisha peleka namba hizo mbili kliniki, na mwambie muuguzi awaonyeshe na wenzako wanaosubiri kwenye benchi.