Lugha Mbili Katika Kifua Kimoja

Katika Surat Ar-Rum, aya ya 22, Mwenyezi Mungu amezitaja tofauti za ndimi zetu na rangi zetu kuwa ni miongoni mwa ishara Zake. Naye Mtume (S.A.W.) alimwamuru Zayd bin Thabit, angali kijana, ajifunze maandishi ya Mayahudi. Kwa hivyo kumsomesha mtoto lugha ya pili si jambo geni kwetu Waislamu. Suali ni hili: je, ni lazima lugha ya pili iingie kwa kuifukuza ya kwanza?

Iko skuli iliyoishi na suali hilo kwa miaka mia moja. Ni Skuli ya Kimataifa ya Geneva, nchini Uswisi. Ilifunguliwa mwaka 1924 kwa ajili ya watoto wa maafisa waliotoka mataifa mbalimbali kuja kufanya kazi katika mashirika ya kimataifa mjini humo. Ilianza na wanafunzi 8 tu, na leo wanazidi 4,000.

Tangu mwanzo, skuli hiyo ilisimama juu ya lugha mbili, Kifaransa na Kiingereza. Bibi Marie-Thérèse Maurette, aliyeiongoza kuanzia mwaka 1929 hadi 1949, alizitaka zote mbili ziwe lugha za kufanyia kazi, si moja ya kusomea na nyengine ya mapambo. Katika jiografia, mtoto alionyeshwa kwanza dunia nzima. Katika historia, alifunzwa habari za walimwengu wote, si za taifa lake peke yake.

Kutokana na juhudi za walimu wa skuli hiyo na wenzao, mwaka 1968 ulianzishwa mtihani wa kimataifa wa Baccalaureate, ambao hata hapa Kenya zipo skuli zinazoufuata. Mwanafunzi wa mtihani huo husoma fasihi ya lugha anayoimudu zaidi, kisha akaongeza lugha nyengine. Kiswahili chetu ni miongoni mwa lugha zinazokubaliwa.

Basi ikiwa wakubwa wa elimu ya kimataifa wanakipa Kiswahili kiti, mbona sisi wenyewe tunakiondoa barazani? Katika majumba yetu mtoto husemeshwa Kiingereza tangu anapoamka, na nyanya yake akimuuliza jambo, humtazama mamake amfasirie. Wazee hulichekea jambo hilo kwa fahari. Lakini mtoto huyo akija chuoni, huhifadhi sura kwa Kiarabu, na mwalimu akieleza nguzo za udhu kwa Kiswahili, hafahamu. Matamshi anayo, maana hana. Hapo hasara si ya lugha tu, bali ni ya dini.

Ada za skuli kama ya Geneva wengi wetu hatuziwezi, lakini msingi wake hauna ada. Kiingereza na kipate haki yake skuli. Kiswahili na kitawale sinia ya chakula, hadithi za usiku na maongezi na wazee. Na kila sura anayohifadhi mtoto, aelezwe maana yake kwa lugha ya mamake.

Enyi kina mama, ninyi ndio skuli ya kwanza. Twamuomba Allah awafungulie watoto wetu ndimi zao na nyoyo zao. Amin.