Bata Mzinga Huanzia kwenye Chumvi

Katika viungo vyote tunavyompaka bata mzinga, chumvi ndiyo inayopenya hadi katikati ya nyama. Kitunguu saumu, tangawizi, bizari na pilipili manga, hata uvitwange vipi, hukomea milimita chache chini ya ngozi. Nalisema hili mapema kwa sababu kila Krismasi hapa Tanga naona ndege mzuri wa kilo 5 akirowekwa usiku mmoja kwenye bakuli la viungo, na kesho yake watu wanagombea ngozi huku kidari kikibaki sahanini, kikavu.

Chumvi hufanya kazi taratibu. Kwanza huvuta maji kutoka kwenye nyama, ikayeyuka humo, halafu nyama huyanywa tena maji hayo yakiwa na chumvi. Ikishaingia hulegeza protini za misuli, nazo zikipata moto hazijikamui sana. Kipimo changu ni gramu 10 kwa kila kilo. Ndege wa kilo 5 anahitaji gramu 50, yaani karibu vijiko vitatu vya mezani vya chumvi laini, visivyorundikwa. Ukinunua wa dukani aliyegandishwa, soma kwanza karatasi yake: wengi huwa wameshatiwa maji ya chumvi kiwandani, na hao wapunguzie sana.

Ndimu mimi huiacha hadi mezani, kwa sababu ikikaa muda mrefu huikaza nyama ya juu. Papai bichi nalo linafaa mishikaki. Kwa ndege mzima litafanya nyama ya juu iwe rojorojo huku ya ndani ikiwa vilevile.

Akishanyonyolewa na kusafishwa, mkaushe kwa kitambaa safi. Usimsuuze tena bombani, maana maji yanayoruka hutawanya vijidudu kama salmonela kwenye vyombo. Msugue chumvi nje na ndani ya tumbo, umweke kwenye friji bila kumfunika ili ngozi ikauke.

Viungo vije baadaye, pamoja na siagi. Anzia shingoni: pitisha vidole polepole kati ya ngozi na kidari, ukisukuma kwa ncha za vidole na si kwa kucha, mpaka ngozi iachie kama mfuko. Humo tia siagi iliyochanganywa na kitunguu saumu, pilipili manga na bizari nyembamba, kisha uikande kwa juu isambae.

Ugumu wa ndege huyu ni kwamba ana nyama za aina mbili. Paja limetembea maisha yake yote, lina kano, na hulainika likipita nyuzi joto 80. Kidari hakina mafuta, nacho kikizidi sana nyuzi 74 hukauka. Kwa hiyo moto uwe wa wastani, nyuzi 165 hivi, na kidari kifunikwe kwa foili mpaka dakika 45 za mwisho. Kilo 5 huchukua kama saa tatu. Usiamini rangi ya maji yanayotoka. Choma kipimajoto kwenye sehemu nene ya paja bila kugusa mfupa, kisha kidarini. Popote pakiwa chini ya 74, bado hajaiva.

Asiye na oveni atumie sufuria kubwa ya shughuli yenye mchanga mkavu chini, trei ndani, na makaa yaliyopaliwa juu ya mfuniko, kama tunavyopika mkate wa kumimina. Dume mzee wa kienyeji ningemkata mapaja nikayapika mchuzi wa nazi, nikaoka kidari peke yake.

Akitoka motoni, mwache nusu saa kabla ya kumkata ili maji yake yatulie ndani ya nyama. Shingo na firigisi zichemshe pembeni, na supu yake uichanganye na mafuta ya kwenye trei upate mchuzi.

Kwa mlo wa Krismasi mchana, aliyegandishwa ahamie kwenye friji tarehe 20, kwa kuwa kila kilo 2 huhitaji siku nzima kuyeyuka. Tarehe 23 jioni, chumvi. Tarehe 24 usiku, siagi na viungo. Tarehe 25 saa tatu asubuhi aingie motoni, na saa saba mchana mkaribishe wageni.