Gitaa Linapoingia Darasani

Mpiga gitaa anapanda jukwaani peke yake. Hana kipaza sauti wala bendi ya kumsaidia. Anaketi, anaweka mguu wa kushoto juu ya kigoda kifupi, anakaza uzi mmoja, analegeza mwingine, kisha anaanza. Ukumbi umejaa, na kikohozi kimoja tu kinaweza kumeza sauti aliyoifanyia mazoezi mwaka mzima.

Ndivyo yalivyo mashindano ya Guitar Foundation of America, chama kilichoanzishwa mwaka 1973. Wanaoshindana hapa hupiga gitaa la klasiki, lile la nyuzi za nailoni linalocharazwa kwa kucha. Mchujo ni mkali na fainali huachiwa wachache. Zawadi kubwa kwa bingwa haipo kwenye fedha: hurekodiwa albamu na kupangiwa ziara ndefu ya maonyesho. Jason Vieaux alishinda mwaka 1992 akiwa na miaka 19, na mwaka 2015 akapata tuzo ya Grammy. Pembeni mwa mashindano ya wakubwa yapo ya watoto na vijana, na majaji hawawaonei huruma.

Tamasha la mashindano hayo huhama mji hadi mji. Mwaka 2010 lilifika Austin, Texas, na bingwa akawa Johannes Möller wa Sweden. Alistahili makofi yote aliyopigiwa. Hata hivyo, mji wenyewe una jambo kubwa kuliko kombe lolote, nalo liko shuleni.

Austin Classical Guitar ilianza mwaka 1990 kama chama cha wapenzi wa gitaa, watu wa kukutana na kuandaa maonyesho. Ikiongozwa na Matthew Hinsley, iliingia Sekondari ya McCallum mwaka 2001 na kukuta kikwazo ambacho watu wa jukwaani hawakukizoea. Shule za Marekani zina mazoea ya miaka mingi ya kufundisha bendi za tarumbeta, kwaya na okestra. Gitaa lilipendwa na wanafunzi, lakini mwalimu aliyepewa darasa zima la wapiga gitaa hakuwa na pa kuanzia.

Chama kikaandika mtaala wake. Ufundi wake upo katika jambo dogo: darasa linapiga pamoja tangu mwanzo. Anayeanza leo hupewa sauti mbili tatu, labda uzi mtupu ambao hauhitaji hata kidole cha kushoto. Wenzake waliotangulia hubeba melodia. Peke yake, mtoto yule angesikika kama anayejaribu; ndani ya kundi anasikia muziki kamili na yumo ndani yake. Mtaala huo uliwekwa kwenye intaneti, na walimu wa miji mingine wakauchukua.

Kwetu, Afrika Mashariki na Kongo, gitaa limefundishwa zaidi barazani: unamtazama mjomba vidole, unaiga, unakosea, unaambiwa rudia. Njia hiyo imezaa mabingwa. Jean Bosco Mwenda, aliyeimba kwa Kiswahili cha Katanga, alirekodiwa na Hugh Tracey huko Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, na mwaka 1969 akapiga gitaa lake kavu kwenye tamasha la Newport, Marekani. Baraza lina heshima yake. Ila mtoto asiye na mjomba mwenye gitaa hubaki akichungulia dirishani, na ndipo shule inapohitajika.

Gharama nayo iliwahi kuwa ukuta. Kabla ya Vita Kuu ya Pili, nyuzi nyembamba za gitaa la klasiki zilitengenezwa kwa utumbo wa mnyama. Zilikatika upesi na kupoteza sauti kwenye unyevunyevu. Vitani utumbo ulihitajika kushonea majeruhi, nyuzi zikaadimika. Huko New York, fundi Albert Augustine akageukia nailoni, na Andrés Segovia, mpiga gitaa mashuhuri kuliko wote wa wakati wake, akazikubali. Uzi unaodumu ndio unaowezesha shule kuwa na magitaa ishirini bila kufilisika.

Mwaka 2010, mwaka ule ule wa tamasha, mradi wa Austin uliingia Gardner Betts, mahabusu ya watoto ya kaunti ya Travis. Hawakwenda kutumbuiza na kuondoka. Gitaa ni somo la kawaida pale, lenye mwalimu na alama. Texas inamtaka kila mwanafunzi awe na alama ya somo la sanaa ndipo amalize sekondari. Kijana anayetoka mahabusu bila alama hiyo anarudi shuleni akiwa na pengo. Anayepiga gitaa lake kwenye darasa lile anaondoka na alama iliyoandikwa kwenye cheti, sawasawa na ya mwanafunzi wa McCallum.