Jipu Ndogo Iliyotumika na Barabara ya Kasomeno

Toyota RAV4, Honda CR-V na Nissan X-Trail huitwa jipu mjini Lubumbashi, sawasawa na Land Cruiser, na jina hilo limewatia wanunuzi wengi hasara. Kwa juu yameinuka, lakini kwa chini ni magari madogo ya kawaida: bodi haikukalishwa juu ya chasi inayojitegemea, na katika mengi yao magurudumu ya mbele peke yake ndiyo yanayovuta kwa muda mwingi. Gari la namna hiyo hutoka Lubumbashi na kufika Kasomeno bila taabu wakati wa kiangazi. Likibebeshwa magunia ya mahindi kila wiki kwenye njia ya udongo ya kwenda Pweto, bushi, boljointi na shokapu zake huisha mapema, na gharama hiyo haionekani siku ya kununua.

Mengi ya magari haya hutoka Japani. Huko gari jipya hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2, na ukaguzi huo una gharama. Ndiyo sababu mojawapo ya wenyewe kuyauza yakiwa bado na nguvu. Hushushwa bandari ya Dar es Salaam, hupita Tunduma, hukatiza Zambia na kuingia Kongo kwa Kasumbalesa. Kwa hiyo bei inayotajwa Japani ni mwanzo tu wa hesabu. Juu yake huja usafiri, ushuru wa idara ya forodha (DGDA), ukaguzi wa ofisi ya udhibiti wa bidhaa (OCC) na namba ya gari. Mradi wa barabara ya kulipia kutoka Kasomeno kupitia Kasenga hadi Mwenda, Zambia, pamoja na daraja juu ya mto Luapula, unakusudiwa kuifupisha safari ya kwenda Dar es Salaam.

Usukani wa kulia nao una gharama yake, na hiyo ni ya uhai wa watu. Kongo magari hupita upande wa kulia wa barabara, Japani upande wa kushoto. Dereva anayetaka kulipita lori la shaba hulazimika kulitoa karibu gari zima nje ya mstari ndipo aone kinachokuja. Taa za Kijapani, hata zikishushwa, zimetengenezwa kurusha mwanga juu zaidi upande wa kushoto. Kongo mwanga huo humpiga machoni dereva anayekuja. Kubadilisha taa ni kazi nyepesi. Kuhamisha usukani hugusa stelingi, pedali ya breki, nyaya na mifuko ya hewa, na gari lililofanyiwa kazi hiyo kwa haraka ni la kuachwa hata kama bei yake inavutia.

Uimara hutegemea injini na gia boksi kuliko nembo. RAV4 ya kwanza, ya mwaka 1994, ni rahisi kutengeneza ila imezeeka. Iliyoanza mwaka 2000 iliuzwa Japani pia na injini ya D-4, inayonyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa msukumo mkubwa. Pampu yake haivumilii uchafu, na petroli ya jerikeni inayouzwa kando ya barabara na wale wanaoitwa Kadhafi inaweza kuwa na vumbi au maji. Kizazi cha tatu, cha mwishoni mwa 2005, kina injini ya lita 2.4 iitwayo 2AZ-FE, isiyo na pampu hiyo na yenye cheni badala ya mkanda wa taimingi. Udhaifu wake ni ringi za pistoni: baadhi hula oili, na mwenye gari asiyechomoa kijiti cha oili kila wiki huweza kuua injini nzima kwa upungufu wa lita mbili.

X-Trail nyingi za kuanzia 2007 zina gia boksi ya CVT, yaani otomatiki isiyo na hatua za gia, na RAV4 za lita 2.4 za soko la Japani nazo pia. Gia boksi hii hupata joto gari likipanda na mzigo, na hutaka mafuta yake maalumu. CR-V ya 2001 hadi 2006 ina otomatiki ya kawaida, ila difu yake ya nyuma hulia kwenye kona ikitiwa mafuta yasiyo yake.

Vumbi jekundu la kiangazi huziba filta ya hewa mapema, na oili ya injini inafaa kubadilishwa kila kilomita 5,000. RAV4 ya lita 2.4 hunywa lita 10 hadi 12 kwa kilomita 100, ilhali gari dogo kama Toyota IST hutosheka na 6 au 7. Bima, iliyokuwa mikononi mwa kampuni ya serikali, SONAS, peke yake hadi sheria ya 2015 ilipofungua soko, hulipwa na wote.

Fundi wa kulikagua gari afike asubuhi, kabla injini haijawashwa. Moshi wa buluu injini inapowashwa ni dalili ya oili inayoungua. Mafuta ya CVT yenye harufu ya kuungua yatosha kuvunja mauzo. Na kilomita za kwenye dashibodi zilinganishwe na karatasi ya mnada wa Japani, kwa sababu mita hurudishwa nyuma.