Walipwa matusi kwa kuwaokoa mbwa na paka

MSOMAJI, nianze kwa kukiri kosa langu mwenyewe.

Asubuhi moja ya mvua, miaka michache iliyopita, nilifungua lango la ploti tunamoishi mtaani Kapsoya, Eldoret, nikakuta katoni iliyolowa maji. Ndani mlikuwa na paka wachanga watano, macho yao hayajafunguka. Jirani alinipa nambari ya simu ya mama mmoja anayejulikana kwa kuwaokota mbwa na paka. Nilipompigia, alinijibu kwa upole kwamba kwake kumejaa, akaniomba niwaweke siku chache huku akitafuta mtu wa kuwachukua.

Nilipandwa na hasira. Mbona ajidai kuwaokoa wanyama ikiwa paka watano wanamshinda? Jioni hiyo, katika mkutano wa chama chetu cha akina mama, nilimsema vibaya. Nikaongeza kwamba huenda pesa anazochangiwa na watu zinaishia mfukoni mwake. Sikuwa na ushahidi wowote. Wenzangu walitikisa vichwa kukubali, na kila mmoja akawa na lake la kuongeza.

Siku ya nne mama huyo alinipigia simu, akasema amepata nafasi. Nilimpelekea wawili. Watatu walikuwa wamekufa.

Nilimkuta uani akipakua ugali na omena kwa mbwa kadhaa, mmoja wao akichechemea kwa kugongwa na gari. Alikuwa akijiandaa kwenda kazini, kwa maana hakuna anayemlipa mshahara kwa kazi hiyo. Hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu: "Na mama yao yuko wapi, dada?"

Hapo ndipo nilipomkumbuka paka mweusi anayelala nyuma ya jikoni zetu, ambaye sote humtupia mabaki ya samaki ili atumalizie panya. Siku hizo alikuwa akilia usiku kucha. Katoni ile haikutoka mbali. Mmoja wetu ndiye aliyeitoa nje, na lawama tukampelekea mtu wa mtaa mwingine.

Lawama za tangu zamani

Watu wanaojitolea kuwaokoa wanyama hulaumiwa kila upande. Wakimchukua mbwa, majirani hulalamikia kelele na harufu. Wakikataa kwa kukosa nafasi, huitwa wanafiki. Wakiomba mchango, huitwa matapeli. Daktari wa mifugo akimdunga mnyama asiyeweza kupona sindano ya kumpumzisha, huitwa wauaji. Wakimwuliza maswali anayetaka kumchukua mbwa, kama vile atalala wapi na nani atamlisha, husemwa kwamba wana maringo.

Lakini lawama iliyozoeleka zaidi ni kwamba watu hawa wanapenda mbwa kuliko binadamu. Hapa Eldoret, ambako watoto wa kurandaranda barabarani hawajaisha, maneno hayo huwaingia wengi.

Lawama hiyo si ngeni. Mwaka 1860, Bi Mary Tealby alipofungua makao ya mbwa waliopotea mjini London, gazeti la The Times lilimkejeli, kana kwamba huruma yake ilikuwa imepotoka katika mji uliojaa maskini. Makao hayo yalihamia Battersea mwaka 1871 na yangali yanafanya kazi hadi leo.

Isitoshe, historia yaonyesha kwamba huruma kwa mnyama haimnyimi mtoto chochote. Mwaka 1874 mjini New York, msichana mdogo aitwaye Mary Ellen Wilson alikuwa akipigwa na kuteswa na waliomlea. Aliyesaidia kumfikisha mahakamani ili aokolewe ni Henry Bergh, mwanzilishi wa chama cha kutetea wanyama nchini Marekani. Kutokana na kisa hicho, chama cha kuwalinda watoto kiliundwa mjini humo.

Kazi ya nani?

Jambo ambalo wengi wetu hatulijui ni kwamba kazi hii, kwa haki, si ya wanaojitolea. Katiba ya mwaka 2010, katika Mpangilio wa Nne, imezikabidhi serikali za kaunti jukumu la kudhibiti wanyama na kuwatunza. Imetaja hata utoaji wa leseni za mbwa, na mahali pa kuwaweka, kuwahudumia na kuwazika wanyama. Eldoret ilitunukiwa hadhi ya jiji tarehe 15 Agosti 2024. Jukumu hilo halipungui kwa sababu mama mmoja ameamua kulibeba uani mwake.

Nayo Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inahesabu kuwa ni kosa kwa mwenye mnyama kumtelekeza bila sababu ya maana, mahali ambapo huenda akateseka. Kwa hivyo mbele ya sheria, mkosaji ni yule aliyeiweka katoni mvuani. Aliyekosa nafasi ya kuipokea hana kosa.

Tena faida ya kazi hii inatufikia sote. Inakadiriwa kuwa watu wapatao 2,000 hufa kila mwaka nchini Kenya kwa kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani lasema asilimia 99 ya visa vya binadamu hutokana na mbwa, na watoto wa kati ya miaka 5 na 14 ni miongoni mwa wanaoathirika mara nyingi. Dalili zikishaonekana, ugonjwa huu karibu hauna tiba. Hata hivyo, asilimia 70 ya mbwa wa mahali wakichanjwa, maradhi huzuilika. Kila mbwa koko anayeokotwa, akachanjwa na kufungwa kizazi, ni hatari moja iliyopunguzwa kwenye njia ya mtoto anayekwenda shule.

Si kwamba waokoaji hawapaswi kuulizwa maswali. Anayepokea michango ya watu ana wajibu wa kuonyesha ilivyotumika. Anayejaza wanyama kupita uwezo wake, hadi wakaambukizana magonjwa, anawadhuru hata kama ana nia njema. Majirani nao wana haki ya usafi na usingizi. Lakini kuuliza ni tofauti na kusengenya. Anayeuliza hufika, hutazama na husikiza. Mimi nilihukumu bila kufika.

Ukimkuta mnyama aliyeumia, usidhani kupiga simu kumemaliza wajibu wako. Mpe maji na mahali pakavu, bila kumshika iwapo anauma au anaonekana mgonjwa. Ukiumwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende hospitalini siku hiyo hiyo kwa chanjo. Na kama una mbwa au paka nyumbani, mpeleke kwa daktari wa mifugo achanjwe na kufungwa kizazi. Mimba ya paka huchukua muda wa miezi miwili tu, kwa hivyo anayeahirisha hadi mwaka ujao atajikuta na katoni nyingine.

Katika ploti yetu tulichanga pesa, kila nyumba ikatoa kidogo, paka mweusi akafungwa kizazi. Angali analala nyuma ya jikoni na panya wamepungua. Katika mkutano uliofuata wa chama nilisimama nikawaeleza wenzangu kwamba niliyoyasema kumhusu yule mama hayakuwa kweli. Wengine walicheka. Wawili waliniomba nambari yake ya simu, na nikawaonya mapema kwamba huenda akawaambia hana nafasi.